Mgonjwa wa kisu cha dharura angojee majibu ya korona?

Mleta mada, Likoni
Naleta hoja, mnipinge mkitaka. Mwaka 2020, wiki za mwanzo za kafyu ya korona hapa Kenya, mdogo wangu alishikwa na tumbo magharibi. Hatukuthubutu kutoka. Alfajiri tukavuka feri hadi hospitali moja, jina silitaji. Daktari kambonyeza tumbo upande wa kulia, akasema kidole tumbo hiki, apasuliwe leo. Lakini kwa kuwa ana homa, ikaamuliwa apimwe korona kwanza. Majibu yakaja kesho yake: hana. Alipofunguliwa, kidole tumbo kilishapasuka, usaha umeenea. Alilala wodini karibu mwezi.

Msimamo wangu: janga jingine likija, mgonjwa wa dharura asingojeshwe kipimo. Ahesabiwe kuwa ana korona, watu wavae kamili, apasuliwe. Mbona UKIMWI hatungojei majibu? Damu ya kila mtu huchukuliwa kuwa ina virusi na kazi inaendelea.

Nesi wa thieta
Pole kwa mdogo wako, kaka. Ila mfano wa UKIMWI haukai. Damu itanidhuru nikijidunga sindano. Kirusi hiki hunifuata puani. Anayemtia mgonjwa mrija wa pumzi ameinama shubiri chache juu ya kinywa chake. Halafu "wavae kamili", wavae nini? Mimi nilitumia barakoa moja zamu kadhaa, naianika kama leso. Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, madaktari wakafuata, na vifaa vya kujikinga na bima vilikuwa miongoni mwa madai. Mwezi huohuo tulimzika Dkt. Stephen Mogusu, miaka 28, aliyeuawa na korona.

Msomaji wa udaktari
Tena kipimo si cha kumlinda nesi peke yake. Utafiti wa COVIDSurg, uliotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2020, uliangalia wagonjwa 1,128 waliopasuliwa wakiwa na korona au wakagundulika nayo muda mfupi baadaye, katika nchi 24. Ndani ya siku 30, asilimia 23.8 walikuwa wamekufa. Karibu mmoja kwa kila wanne! Ukijua mapema, unaweza kumchoma sindano ya mgongo badala ya nusu kaputi, ukayaepusha mapafu na mrija. Na kidole tumbo ambacho hakijapasuka, wapo wanaotulia kwa antibiotiki.

Mleta mada, Likoni
Wengi wa hao 1,128 walikuwa wa dharura, daktari mtarajiwa. Kwa hiyo uwalinganishe na nani? Ngiri ikinyongwa, utumbo unaoza kwa saa chache. Asiyepasuliwa yule hayumo kwenye hesabu yako, yumo makaburini. Sindano ya mgongo mpe, nani amekukataza? Mpe kila anayefaa, na majibu yaje nyuma.

Mkunga wa mtaani, Kwale
Mnagombania mlango wa thieta, na wengine hata getini hawakufika. Mleta mada, umesema mwenyewe: tumbo lilianza magharibi, mkatoka alfajiri. Usiku huo mzima haukuchukuliwa na maabara. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri, na siku hiyohiyo watu walipigwa virungu na mabomu ya machozi hapo feri wakikimbilia makwao. Baada ya hapo utamwambia nani atoke na mkewe saa 7 za usiku? Kwa sheria, mgonjwa aliruhusiwa. Kwa rungu, sijui. Ndiyo maana Dkt. Jemimah Kariuki wa Nairobi akaanzisha Wheels for Life: mjamzito apige 1195 bure, aongee na daktari, na ikibidi aletewe gari. Uchungu uliokwama unataka kisu, na kisu hakiji nyumbani.

Mleta mada, Likoni
Hapo umenibana, mama. Usiku ule sikuwahi kuuhesabu. Basi narekebisha: anayevuja damu na mzazi aliyekwama, hakuna kungoja. Wengine kipimo kiwe na kikomo, dakika 120, zikipita anaingia na majibu au bila.

Nesi wa thieta
Nakubali, kwa sharti moja: kikomo hicho kiandikwe karatasi moja na idadi ya barakoa za zamu. Na kwanza tukubaliane saa inaanza kuhesabiwa wapi, maana kwetu sampuli yenyewe ilikuwa ikisubiri dereva.