Hamsta wetu anamng'ata binti yangu kila siku: tunakosea wapi?

MamaNtinda
Ndugu zangu, habari zenu. Miezi miwili iliyopita tulipewa hamsta mmoja (mnyama mdogo wa jamii ya panya), jike wa rangi ya dhahabu, na familia iliyokuwa ikihama Kampala. Binti yangu wa miaka tisa humtoa tunduni kila arudipo shuleni saa kumi alasiri, na kwa wiki tatu sasa haipiti siku bila kung'atwa. Juzi meno yalizama kwenye ncha ya kidole cha shahada hadi damu ikatoka, mtoto akashtuka na kumwachia mnyama akaanguka sakafuni. Sitaki kumtoa, kwa kuwa mtoto anampenda mno. Je, ni mkali kwa asili?

Mfugaji wa Jinja
Pole sana dada, na mpe pole binti. Hamsta huuma kwa hofu, na naona saa mliyoichagua ndiyo inayomtia hofu: yeye hulala mchana kutwa na kuamka jioni, hivyo mnamkurupusha usingizini. Isitoshe, macho yake ni dhaifu, anategemea pua na masikio, na mkono unaomshukia kutoka juu, kwake ni mwewe. Ngojeni aamke mwenyewe, hata ikifika saa mbili usiku. Binti amsemeshe kwanza kwa sauti ya chini, kisha aingize mkono kwa ubavuni na kuulaza juu ya maranda, kiganja wazi, mbegu moja ya alizeti katikati, wala asimshike. Siku za mwanzo atanyakua mbegu na kukimbilia shimoni; mwacheni akimbie. Siku atakayopanda kiganjani kwa hiari yake, binti amnyanyue kwa mikono miwili akiwa ameketi chini, kwa sababu kuanguka kutoka kimo cha meza tu kunaweza kumvunja mguu.

Mzee wa Entebbe
Naongeza swali moja: mtoto hula nini kabla ya kumshika?

MamaNtinda
Mzee wangu, msimu huu wa Novemba ni senene wa kukaanga karibu kila alasiri, na hunawa kwa maji matupu.

Mzee wa Entebbe
Basi hapo pana sababu ya pili. Hamsta hula wadudu pia, na kidole chenye harufu ya senene, kwa mnyama asiyeona vizuri, ni senene. Anawe kwa sabuni isiyo na manukato makali. Msimpige wala kumpulizia usoni anapouma, kwani mtaongeza hofu ileile. Vilevile msimtafutie mwenzake, maana hamsta wa aina hiyo akishakomaa huishi peke yake na wawili hupigana hadi kuuana. Kwa jeraha, safisheni kwa maji yanayotiririka na sabuni, na mkaulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda. Kidole kikivimba au mtoto akipata homa, msingoje. Na kama mnyama aliyekuwa mpole ameanza kuuma ghafla, daktari wa mifugo amtazame meno ya mbele, kwa kuwa hukua maisha yake yote na yakirefuka kupita kiasi humuumiza.

MamaNtinda
Ahsanteni sana. Leo ni siku ya sita tangu tubadilishe saa na sabuni. Jana usiku alinusa kiganja cha binti kwa muda mrefu, akaweka miguu miwili ya mbele juu ya vidole, akachukua mbegu na kuijaza shavuni palepale, bila kukimbia.