Kikundi cha kujitolea na makaburi ya zamani ya Forest Road: tuanzie wapi?

Mkaazi wa Parklands aliuliza:

Wanajukwaa, salamu. Sisi ni majirani wachache wa Parklands na Ngara, hapa Nairobi, na tungependa kuyatunza makaburi ya zamani yaliyo kando ya Barabara ya Profesa Wangari Maathai, ile ambayo wengi wetu bado huiita Forest Road. Mvua za masika zinapomalizika nyasi huwa zimefika kifuani, lantana imefunika safu nzima za makaburi, na mifuko ya takataka hurushwa juu ya ukuta usiku. Hata hivyo, ukiingia asubuhi utawasikia kwarara, pengine utamwona na kima aliyetoka upande wa bustani ya City Park, nawe utatambua kwamba kati ya maghorofa yanayoongezeka kila uchao, hapa ni miongoni mwa sehemu chache ambazo miti mikubwa imeachwa isimame.

Tatizo ni kwamba hatujakubaliana. Mmoja wetu anataka vichaka vyote ving'olewe, ardhi isawazishwe, nyasi fupi zipandwe na watoto waruhusiwe kucheza. Mwingine anaona kwamba kuyageuza makaburi kuwa bustani ya matembezi ni kuwakosea adabu marehemu na jamaa zao. Je, ipo njia ya kupaacha mahali hapa pawe pa kijani na wazi kwa wakazi bila kupavunjia heshima? Na ruhusa huombwa kwa nani?

Mtunza bustani mstaafu alijibu:

Ndugu yangu, ruhusa itangulie. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeyaweka makaburi miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, kwa hiyo barua yenu iende City Hall, na nakala apewe mwakilishi wa wadi. Ikiwa sehemu fulani iko chini ya kanisa au jumuiya ya dini, ombeni ruhusa huko pia, kando na ile ya kaunti. Mkikuta makaburi ya wanajeshi yenye mawe ya namna moja, msiyaguse: yale ya vita yana tume yake ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo inayotunza pia makaburi ya Ngong Road yaliyofunguliwa mwaka 1941.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya panga hata moja kuinuliwa, tembeeni na kamera na daftari, mchore ramani ya safu, mpige picha kila jiwe na kunakili maandishi kama yalivyo, hata yaliyokosewa tahajia. Nimeona watu wakifyeka kwanza na kuandika baadaye, na kufikia hapo vibao vidogo vya mbao na misalaba ya chuma iliyooza vimekwisha kuchukuliwa pamoja na majani. Picha hupigwa vizuri asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa chini, kwa kuwa kivuli huyaibua maandishi yaliyofifia.

Lantana iondolewe, kwa sababu ni mgeni aliyeletwa kutoka maeneo ya kitropiki ya bara la Amerika na huizuia mimea mingine kuota chini yake. Lakini ikatwe karibu na shina na mizizi ichimbwe kwa mkono pale tu ambapo haijaingia kaburini. Msichome moto, kwa maana joto hupasua mawe, wala msinyunyize dawa za kuua magugu. Miti ya asili kama mukinduri, muhugu na muthiga iacheni, mkipunguza matawi makavu yanayoweza kuangukia watu au mawe. Mugumo, mtini ulio mtakatifu kwa Wakikuyu, ni jambo la pekee: mbegu zake huletwa na ndege na kima, huota kwenye ufa wa kaburi, na mizizi ikishakomaa ndiyo inayoshika mawe yasimwagike. Ukiung'oa, kaburi linakuja nalo. Mche mchanga ukatwe mapema. Mti mkubwa uachwe, na wazee wa Kikuyu watakuwa na la kusema kabla ya yeyote kuuwekea shoka.

Mawe yasafishwe kwa maji na brashi laini, basi. Asidi, dawa ya klorini na brashi ya waya huyala mawe, hasa marumaru. Na pale mnapotaka kuziba ufa, chokaa ni bora kuliko saruji, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko jiwe la zamani, hufungia unyevu ndani, na mwishowe jiwe ndilo linalopasuka.

Mwalimu wa historia alijibu:

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila ningependa kulipinga waziwazi wazo la kusawazisha ardhi. Makaburi yenye mawe ni ya wale ambao familia zao ziliweza kulipia mawe. Kati ya safu hizo huwa pana vituta visivyo na jina, vingine vimebonyea, vingine vimebaki na mawe manne ya pembeni tu, na hao ndio wa kwanza kufutwa trekta linapopita ili nyasi ziwe sawa.

Jiji letu lina deni katika jambo hili. Mtaa wa Kariokor umepata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 2021 tume hiyohiyo ya makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba kwa uchache watu 116,000 waliofia vita hivyo, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tusiurudie mtindo huo sisi wenyewe, tena kwa kisingizio cha kupendezesha mazingira. Kila kituta kipewe namba katika ramani kama lilivyo kaburi la marumaru, na nyasi zinazokiota zikatwe kwa fyekeo, si kwa mashine.

Kuhusu matembezi, sioni ubaya. Pio Gama Pinto, aliyeuawa tarehe 24 Februari 1965, amezikwa katika makaburi ya City Park, na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais, alitaka azikwe karibu na rafiki yake huyo. Alizikwa ndani ya bustani yenyewe mwaka 1990. Leo watu huenda kuyatazama makaburi hayo na sanamu zilizo kando ya kaburi la Murumbi, na sijamsikia anayelalamika kwamba marehemu wamekosewa adabu.

Mama wa Ngara alijibu:

Mimi nina jamaa zangu wawili waliolala hapo. Kijia cha kupita bila kukanyaga makaburi ningekishukuru, na benchi moja au mawili karibu na lango, kwani miguu yangu haisimami tena muda mrefu. Mpira, hapana. Tafadhali mbandike tangazo langoni majuma kadhaa kabla ya kuanza, maana kuna maua tuliyoyapanda wenyewe ambayo mgeni atayaona ni magugu.

Msomaji wa Eastleigh alijibu:

Samahani kwa kumwaga maji baridi, lakini vikundi vya namna hii huanza kwa shangwe na kufifia kiangazi. Nyasi za Nairobi hazingoji mkutano. Huko London, makaburi ya Tower Hamlets yaliyofungwa mwaka 1966 yalipata kikundi cha marafiki mwaka 1990, na hadi leo kinaendelea, ila kina waajiriwa pamoja na wanaojitolea. Nanyi tafuteni namna ya kumlipa mtu angalau mmoja. Vijana wanaolala humo makaburini Forest Road wanaifahamu kila kona kuliko sisi sote. Ukiwapa kazi ya kulinda na kufyeka, hata chuma cha uzio kitakawia kufika kwa wauza vyuma chakavu. Ukiwafukuza, mtafyeka mchana nao watarudi usiku.

Mkaazi wa Parklands alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimewasomea wenzangu majibu haya na aliyetaka kusawazisha ardhi ameliacha wazo hilo, japo kwa shingo upande. Bado anataka nyasi fupi, na tumemwachia ukanda ulio kati ya lango na safu ya kwanza, ambako hakuna kaburi kwa kadiri tunavyoona. Mwalimu, ningekuomba uje ukague ukanda huo kabla hatujaugusa. Mama, tangazo litabandikwa pindi barua ya kaunti itakapojibiwa, na tutakuomba ututembeze utuonyeshe maua yenu ili tuyawekee vijiti vya alama. Kuhusu malipo ya vijana bado tunahesabu. Tumeanza na michango ya nyumba kwa nyumba, na aliyewahi kuandikiana mkataba wa kazi ya namna hiyo atuelekeze hapa jinsi alivyoupanga.