Nibaki na D3200 ya zamani au nihamie R50? Nishaurini wakuu

BabaMapacha
Wakuu, naomba ushauri kabla mama watoto hajabadili mawazo. Nina Nikon D3200, ile ya 2012 ya kioo ndani (DSLR), na lenzi yake ya boksi ya milimita 18-55. Mapacha wangu sasa wanakimbia, na mimi napiga zaidi ndani, jioni, kwa taa za kawaida za nyumbani. Juzi nimeshika Canon R50 ya rafiki yangu, hizi za siku hizi zisizo na kioo (mirolesi), nikaona kale kamraba kanawang'ang'ania watoto machoni bila mimi kugusa kitu. Usingizi ukaisha. Sasa niuze D3200 nichukue R50 na lenzi yake ya 18-45, au nibaki hapa hapa nitafute lenzi ya f/1.8, yenye tundu pana la mwanga? Zote mbili zina megapikseli 24. Sitafuti hela kwenye picha, ni kumbukumbu tu.

FundiLenzi
Baki nayo, nunua lenzi. Lenzi yako ukiivuta mpaka 55 inaishia f/5.6 (namba ikikua, tundu linapungua). Ile ya R50 ukiivuta mpaka 45 imeshafika f/6.3. Yaani kamera mpya inakuja na lenzi yenye tundu dogo kuliko hiyo ya zamani, na hili wauzaji hawalisemi. Sasa weka f/1.8. Pale ulipolazimika kupandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) mpaka 6400 kwenye f/5.6, kwa shata ile ile, yaani muda ule ule wa kuingiza mwanga, unashuka mpaka 640 hivi. Chenga zote zile zinapungua bila kubadili kamera. Ukishanunua, kaa chini ujifunze kupiga. Hayo mambo ya kufuata macho ni ya watu wavivu. Anayetafutiwa jicho na kompyuta ni mbonyeza kitufe, si mpiga picha.

DadaShata
Ulikuwa unakwenda vizuri mpaka ulipofika mwisho. Mimi napiga harusi, ndiyo kazi yangu, na kufuata macho nakuwasha bibi harusi anapoingia, nakuzima watu wakiondoka. Kwa hiyo mimi ni mbonyeza kitufe? Nijibu.

FundiLenzi
Sijataja jina la mtu. Nimerusha jiwe gizani, nasikia kuna mtu kasema yalaa.

DadaShata
Yalaa nimesema, na jiwe lako nakurudishia. Hiyo D3200 unayoitetea ina fokasi ya yenyewe pia, inakaza picha bila wewe. Nani anazungusha pete pale, wewe au mota? Minolta walitoa 7000 yao mwaka 1985, na tangu hapo karibu kila mtu anafokasiwa na mashine. Ulichagua tu mahali pa kuchora mstari, na kwa bahati nzuri mstari umepita nyuma ya mgongo wako.

Mpitanjia
Mimi hapa nimeshaweka kambi. Endeleeni.

Pikseli24
Turudi kwa muuliza swali. FundiLenzi kasema kweli kuhusu mwanga, lakini mtoto anayekimbia si tatizo la mwanga peke yake. D3200 ina nukta 11 za fokasi, na ni moja tu, ya katikati, inayosoma mistari ya wima na ya mlalo. Nyingine zimejikusanya jirani yake. Mtoto akikimbilia ukingoni mwa picha huna nukta ya kumweka.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Kwenye kamera ya kioo, kinachopima fokasi si sensa inayopiga picha. Kioo kikubwa kinapitisha mwanga kidogo katikati, nyuma yake kuna kioo kidogo kinachoupeleka chini, na huko chini ya tumbo la kamera ndiko kipimo cha fokasi kilipo. Safari hiyo ikipishana kidogo tu na safari ya mwanga kwenda kwenye sensa, ulilenga jicho, umepata sikio. Kwenye f/5.6 huoni kitu. Kwenye f/1.8, ambapo kilichokaa sawa ni chembamba, utaona. Kamera kubwa zina mahali pa kurekebisha, D3200 haina. Mirolesi inapima kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo ugonjwa huu haina. Kwa kifupi lenzi ile ile anayoshauriwa ndiyo itakayomwonyesha upungufu wa kamera yake.

FundiLenzi
DadaShata, mstari wangu uko wazi. Kamera ikisogeza lenzi, sawa. Kamera ikichagua cha kupiga, hapo kazi si yako tena. Enzi za filamu una picha 36, kila moja umeifikiria. Leo R50 inakwenda picha 12 kwa sekunde, ukiita shata ya elektroniki 15, unarudi nyumbani na takataka elfu halafu unaokota moja iliyokaa. Hiyo ni bahati nasibu.

DadaShata
Hizo 36 ulizifikiria wewe au baba yako?

Mpitanjia
😂😂 Maji tafadhali, mtu apewe maji.

MzeeWaKioo
Vijana mnagombana bure. Kioo ni kioo. Nikichungulia kwenye DSLR naona dunia yenyewe, mwanga ule ule, bila kuchelewa hata chembe. Mirolesi ni kutazama televisheni ndogo iliyobandikwa usoni. Na hapo sijagusa betri. Hiyo D3200 unaichaji leo, unapiga picha elfu moja na mia tano, wiki ijayo bado iko. Mirolesi mnatembea na betri mfukoni mithili ya walinzi na tochi.

Pikseli24
Mzee, 1,550 ni D3500 ya mwaka 2018. D3200 kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengeneza kamera Japani, ni 540. R50 iko chini ya hapo, kweli, na ukichungulia kwenye kidirisha cha elektroniki inashuka zaidi. Ila kumbukeni CIPA kwenye kamera yenye flashi yake wanaiwasha kwa nusu ya picha zote, kwa hiyo mtu asiyetumia flashi anapata zaidi ya namba iliyoandikwa, awe na kioo au asiwe nacho.

MzeeWaKioo
Mia tano na arobaini bado ni nyingi kuliko chini ya hapo. Hoja yangu imesimama.

Kidirisha
Mzee, hiyo televisheni unayoibeza inanionyesha picha itakavyotoka kabla sijabonyeza. Nikipunguza mwanga naona giza, nikiongeza naona anga inavyoungua. Kwenye kioo unapiga, unaangalia skrini, unakunja uso, unarekebisha, unapiga tena, mtoto ameshaondoka. Na tundu la kuchungulia la D3200 lenyewe halionyeshi picha nzima, ni asilimia 95 hivi. Hiyo dunia yenyewe unayoiona imekatwa kingo.

FundiLenzi
Aliyejifunza mwanga hahitaji kuonyeshwa. Na DadaShata, tuwekee picha zako hapa tuone hilo jicho limekusaidia nini.

DadaShata
Picha za wateja siweki, ni watu na familia zao. Weka zako wewe, mfikiriaji wa 36.

FundiLenzi
Nilijua.

DadaShata
Ulijua nini? Sema.

MzeeWaKioo
Tena hilo jicho mnalolikimbilia si jipya hata. Canon walikuwa nalo kwenye filamu, EOS 5, mwaka 1992. Kamera inafuata jicho. Mnauziwa kitu cha zamani kwenye boksi jipya.

Kidirisha
Mzee, hapo umeingia chaka. Ile ilifuata jicho la mpiga picha! Unachungulia, kamera inasoma mboni yako imeelekea wapi, inachagua nukta ya fokasi huko. Wameirudisha kwenye R3 mwaka 2021. Hii tunayoizungumza inatafuta jicho la anayepigwa picha. Ni vitu viwili.

MzeeWaKioo
Jicho ni jicho.

DadaShata
Naomba kuuliza FundiLenzi, kwa nidhamu kabisa. Ile ya 1992 ambapo unachagua kwa kuangalia, je, huyo ni mpiga picha au mbonyeza kitufe? Maana hajabonyeza chochote.

FundiLenzi
Huyo amechagua mwenyewe. Ni mpiga picha.

DadaShata
Na mimi ninayechagua nimpige bibi harusi na si mjomba aliyesinzia nyuma yake, ni nani aliyechagua?

FundiLenzi
Mjomba akifungua macho kamera itamfuata yeye.

Mpitanjia
Hapo FundiLenzi kapata goli, tuwe wakweli.

Kidirisha
Hajapata kitu. Unagusa skrini kwa mtu unayemtaka, inakaa naye.

Kijana_wa_RAW
Mimi naona mnamchosha jamaa. BabaMapacha, tafuta ile Nikkor AF 50mm f/1.8D, zilizotumika ni nyingi na ni nyepesi. Maliza mchezo.

Pikseli24
Hapana! D3200 haina mota ya fokasi ndani ya mwili. Lenzi za D zinazungushwa na bisibisi ya kamera, na kwake hiyo bisibisi haipo. Itafunga vizuri, itapiga, lakini fokasi ni kwa mkono. Anatakiwa lenzi zenye AF-S, yaani mota iko ndani ya lenzi. Mfano ile DX 35mm f/1.8G ya 2009. Na msije mkasema atahamia Nikon Z, mirolesi za Nikon, akaitumie huko, maana adapta ya FTZ ya kufungia lenzi za zamani nayo haina mota.

Kijana_wa_RAW
Basi afokasi kwa mkono, si ndiyo kujifunza kwenyewe anakokusema FundiLenzi?

Kidirisha
Mapacha wanakimbia, baba anazungusha pete. Hizo kumbukumbu zitakuwa za pazia.

BabaMapacha
Jamani nashukuru. Nimesoma zote, kichwa kinauma. Nimeelewa nukta 11 na nimeelewa tundu. Swali dogo: nina flashi moja ya zamani, ile ya kuchomeka juu ya kamera, kichwa kinazunguka. Sijawahi kuitumia vizuri kwa sababu watoto wanatoka weupe na kivuli kikali nyuma. Nikienda R50 itafanya kazi?

FundiLenzi
Flashi inaua picha. Tumia mwanga uliopo.

DadaShata
FundiLenzi anaogopa flashi pia, tuandike hiyo.

BabaMapacha, kwanza jibu: R50 pale juu haina ile pini ya kawaida ya katikati. Canon wameweka mguso wao mpya tu, hata flashi zao wenyewe za zamani (Speedlite) zinataka adapta ya AD-E1. Kwa hiyo flashi yako usitegemee ichomekwe na iwake. D3200 inayo pini ya kawaida.

Pili, hiyo flashi ndiyo dawa yako na ulikuwa nayo siku zote. Geuza kichwa kiangalie dari, tena kidogo nyuma yako, kama dari ni nyeupe. Mwanga unagonga juu unashuka laini, kile kivuli cha ukutani kinatoweka. Weka M (kila kitu unachagua mwenyewe), shata 1/200 ya sekunde, tundu f/5.6, ISO 400 au 800, halafu cheza na nguvu ya flashi mpaka nyuso zikae. Mlipuko wa flashi ni mfupi mno, mtoto anaganda hewani hata akiwa ameruka. Kwenye f/5.6 una nafasi ya kukosea fokasi kidogo bila mtu kujua, kwa hiyo hata nukta 11 zinakutosha na lenzi yako ya boksi inakutosha. Jaribu hivyo mwezi mzima kabla hujauza kitu.

MzeeWaKioo
Mnaona? Hata yeye kasema abaki na kioo.

DadaShata
Sijasema abaki na kioo. Nimesema ajaribu flashi.

MzeeWaKioo
Ambayo inawaka kwenye kioo.

Kidirisha
Mzee, Canon na Nikon mara ya mwisho kutoa DSLR mpya ni 2020. Wamebaki Pentax. Unamshauri mtu ajenge kwenye nyumba ambayo mafundi wameshaondoka.

MzeeWaKioo
Mlango wa lenzi wa Nikon F uko tangu 1959. Lenzi zilizokwishatengenezwa zitatuzika sote. Na wewe ukiweka hiyo shata yako ya elektroniki chini ya taa za LED, picha inatoka na michirizi ya pundamilia. Hilo nalo mafundi walishaondoka?

Kidirisha
Ndiyo maana kuna sehemu ya kuizima. Umewahi kuishika mirolesi, au unazijua kwa kusimuliwa?

MzeeWaKioo
Nimeshika. Nikairudisha.

BabaMapacha
Aisee dada, ubarikiwe. Nimejaribu sasa hivi, dari letu ni jeupe, mmoja kaganda hewani mto ukiwa mkononi, naona mpaka nyuzi za foronya! R50 isubiri kwanza. Nachukua lenzi ya AF-S tu kwa ajili ya mchana na dirishani. Nichukue 35 au 50?

Kijana_wa_RAW
50. Kwa nyuso hakuna kama 50.

Pikseli24
Ndani ya nyumba 35. Kwenye sensa hiyo ndogo 50 inageuka 75, utagonga ukuta kwa mgongo kabla mapacha wote wawili hawajaingia kwenye picha.

FundiLenzi
Haigeuki. Lenzi ya 50 ni 50 popote utakapoifunga, kinachopungua ni eneo linaloonekana. Tuseme vitu kwa usahihi.

Pikseli24
Mkuu, mtu anauliza asimame wapi sebuleni kwake.

FundiLenzi
Na mimi nimemjibu kwa usahihi. Ndilo tatizo la watu wa mirolesi.

Pikseli24
Mimi natumia D7200, ya kioo!