Tupeane uzoefu: ni uamuzi gani kwenye The Last Jedi uliokukosanisha na watu wako?

Mpwa wa Igombe

Habari za jioni wakuu. Muvi yenyewe ni ya Star Wars, ya Desemba 2017, iliyoongozwa na Rian Johnson, lakini huku Mwanza bado tunaibishania kana kwamba imetoka juzi. Wiki iliyopita tulijibanza kwa fundi simu pale Buzuruga tukisubiri mvua ikatike, mtu akaitaja tu, na kufika saa mbili usiku marafiki wawili waliokuja pamoja waliondoka kila mmoja na bodaboda yake. Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Sitaki tupige kura. Nataka kila mtu ataje uamuzi mmoja wa mhusika mmoja, atuambie ulimshika wapi, na kama kuna jambo la maisha yake lililomfanya auone hivyo. Ambaye hajaiona ajue tutasimulia mpaka mwisho.

Naanza. Wangu ni Luke Skywalker, shujaa wa muvi za mwanzo, ambaye sasa amejificha kisiwani.

Wengi hukasirika pale Rey, msichana aliyemfuata huko, anapomkabidhi upanga wa mwanga uliokuwa wa baba yake, naye anautupa nyuma ya bega bila hata kuuangalia unaangukia wapi. Mimi pale nilitulia. Kilichonishtua kilikuja baadaye, tulipoonyeshwa ule usiku alioingia kibandani kwa Ben, mpwa na mwanafunzi wake, amelala, akauchungulia moyo wake, akakuta giza, akawasha upanga. Ilikuwa sekunde moja, aibu ikamkamata palepale. Lakini mtoto alishafumbua macho, na mtu aliyemwona amesimama juu yake na silaha ni mjomba wake. Kwetu mtoto akifukuzwa kwa baba hukimbilia kwa mjomba. Mjomba naye akikunyanyulia mkono, unakwenda wapi?

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa mtumbwi wa dagaa hapa Igombe. Alitufundisha kazi mimi na kaka yangu: kuwasha taa, kusoma upepo, kujua giza la mwezi linaanza lini. Msimu mmoja mashine ya mtumbwi ikapotea usiku. Akamshuku kaka, kwa sababu ya vijana aliokuwa akikaa nao. Hakumuuliza. Alimwamsha alfajiri mbele ya vibarua wote, panga mkononi, akamwambia asionekane tena mwaloni. Siku ya nne mashine ikapatikana kwa mtu mwingine kabisa. Kaka alikuwa ameshavuka kwenda visiwani, na baadaye tukasikia amejiunga na walewale wezi wa mashine aliodhaniwa kuwa mmoja wao.

Mjomba akauza mtumbwi, nyavu, taa, kila kitu. Akahamia kisiwa kidogo upande wa Ukerewe, akawa analima mihogo. Mwaka wa sita sasa hajashika kasia. Mara ya kwanza nilipomfuata hakunikaribisha ndani. Tuliongea tumesimama, kuku wanapita katikati yetu. Kwa hiyo mtu akiniambia Luke wa kweli asingejificha kisiwani, mimi namkumbuka yule mzee kwenye shamba la mihogo. Aliyekimbia pale hakukimbia adui. Alikimbia macho ya mpwa wake.

Karibuni.

Nahodha Kayenze

Pole sana mdogo wangu kwa hayo ya nyumbani. Ya mjomba wako nayaelewa, ila kwa Luke sikubali.

Kumbuka muvi ya mwaka 1983. Luke yuleyule alisimama mbele ya Mfalme, akatupa upanga wake kwa kukataa kumuua baba yake. Na huyo baba ni Darth Vader, mtu aliyeua watoto! Luke aliona wema ndani ya Vader wakati hakuna mwingine aliyeuona. Leo aone giza kwa mtoto aliyelala, hajatenda lolote bado, na mkono uende kwenye silaha? Tena si mimi tu. Mark Hamill mwenyewe alimwambia mwongozaji kwamba hakubaliani na maamuzi yaliyofanywa kuhusu mhusika wake, kisha akafanya kazi aliyoajiriwa kufanya. Baadaye alijuta kuyasema hadharani, lakini alikuwa ameshayasema, na nadhani anamjua Luke kuliko sisi.

Linaloniuma zaidi ni hili. Luke alijifungia Nguvu kabisa, ile inayowawezesha Jedi kuhisi mambo ya mbali, asisikie kitu. Chewbacca na Rey walipofika kisiwani ikabidi aulize Han yuko wapi. Shemeji yake ameuawa, tena na mpwa huyohuyo, dada yake anawindwa, yeye hana habari! Mimi nilipoteza kijana mmoja kwenye dhoruba. Nililala nchi kavu miezi miwili, chakula hakipiti. Lakini vibarua wangu wengine walikuwa na watoto, na walikuwa wanaingia ziwani na manahodha wasiowajua. Nikarudi. Nahodha akilia alie, lakini simu asizime.

Kijana wa Igoma

Mimi nilikuwa kidato cha pili, kibanda umiza, shilingi 200, ile ya kutafsiriwa na DJ. Upanga ulipotupwa kibanda kizima kilizomea. Nyuma kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kusubiri mpira, hajui Jedi ni nini. Akasema tu, "Huyo ana msiba." Watu wakanyamaza. DJ alikuwa bado hajasema chochote. Tangu siku hiyo sijaweza kuizomea ile sehemu.

Mama Dagaa Mwaloni

Mwangaluka wote. Wangu ni Holdo, kamanda wa waasi, na mara ya kwanza nilimchukia.

Kwa waliosahau: Leia, dada yake Luke na kiongozi wao, amelazwa hana fahamu, Holdo anashika uongozi, mafuta ya meli yanakwisha, adui yuko nyuma yao. Poe, rubani wao, anauliza mpango ni upi. Holdo hamwambii, anamwambia akae kwenye nafasi yake, na nafasi yenyewe Leia alikuwa ameshaishusha kwa sababu ya shambulio lililomaliza ndege zao zote za mabomu. Poe anaona huyu mama anatupeleka kufa, anafanya uasi. Mwanangu niliyekuwa naangalia naye alimshangilia Poe, nami nikashangilia.

Usiku nikiwa kitandani nikakumbuka kikundi chetu. Tulikuwa wanawake sita, tunakusanya dagaa hapa Kirumba na kusafirisha. Bei ilianguka vibaya, mzigo umejaa stoo, mvua zinakaribia, na dagaa akipata unyevu umekwisha. Mwenyekiti wetu kila tukimuuliza anasema, "Subirini, mzigo utaondoka." Unaondoka na nani? Kwa bei gani? Kimya. Mimi ndiye niliyeitisha kikao cha kumtoa. Na mimi ndiye niliyesimama kwenye genge la chai nikasema kwa hasira kwamba nimeona namba ya mnunuzi wa mbali kwenye daftari lake, sijui anatuuzia nini huko. Dalali mmoja alikuwa pembeni anakunywa uji. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshampigia yule mnunuzi na kumuuzia mzigo wake kwa bei ya chini. Mwenyekiti alikuwa amekaa kimya siku zote kwa kuogopa hilohilo.

Sasa angalieni muvi tena. Mpango wa Holdo ulikuwa kuwatoa watu kimyakimya kwa vyombo vidogo mpaka sayari ya Crait. Siri ilivuja vipi? Poe aliisema kwenye mawasiliano na Finn na Rose, wenzake aliowatuma, na yule mvunja misimbo ya siri waliyempata kwenye mji wa kamari wa Canto Bight alikuwa anasikiliza, akaiuza. Vyombo vikaanza kulipuliwa kimoja kimoja. Holdo akabaki peke yake ndani ya meli, akaigeuza, akaipigiza kwenye meli ya adui kwa kasi ya mwanga. Ile sehemu ambayo sauti inakatika kabisa. Mimi pale huwa nalia, na silii kwa sababu ya meli.

Mwenyekiti wetu hakunisema hata siku moja. Tulipata hasara, tukagawana hasara.

Nahodha Kayenze

Mama, heshima yako. Ila Holdo angemwambia Poe mapema, Poe asingewatuma wale wawili Canto Bight, na mvunja misimbo asingekuwepo kusikia. Ukimficha kila kitu mtu mwenye moto kama ule, atakwenda kutafuta njia yake.

Mama Dagaa Mwaloni

Hilo kweli, nahodha. Hata mwenyekiti angeweza kunivuta pembeni. Neno moja lingenitosha.

Ticha wa Nansio

Wangu ni Rey. Nililelewa na bibi mzaa mama, Murutunguru. Wazazi wangu sikuwajua. Hapa kwetu ukikutana na mtu mzima swali la kwanza ni "Wewe ni mtoto wa nani?" Si la ubaya, anataka kujua akuweke kwenye ukoo upi. Mimi nilikuwa natafuta njia za kuzunguka nisipite kwenye baraza la wazee.

Rey amengoja jangwani Jakku miaka yote akihesabu siku, akiamini watarudi. Kylo Ren, ndiye yule Ben, anamwambia walikuwa wauza vyuma chakavu, walimuuza wapate pesa ya pombe, wamekufa, wamezikwa huko jangwani. Wewe si wa mtu yeyote. Halafu ananyoosha mkono na kumwambia kwamba kwake yeye ana thamani. Fikirieni mkono ule. Mtu ambaye hajawahi kuwa wa mtu, anaitwa na mmoja. Na anakataa. Kwangu mimi hakuna uamuzi mkubwa kuliko huo katika muvi zote zile, kwa sababu alikataa akiwa hana pa kurudi. Niliiangalia nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, na nilipokuja likizo nilipita mbele ya baraza. Wakaniuliza. Nikasema mimi ni mjukuu wa fulani, yatosha.

Ndiyo maana muvi iliyofuata, ya 2019, iliniumiza. Wakasema kumbe ni mjukuu wa Palpatine, yule Mfalme mwovu, na wazazi walimuuza ili kumficha. Wanafunzi wangu walifurahi sana, wakaona sasa nguvu zake zina maelezo. Mimi nikahisi nimenyang'anywa. Kwani lazima atoke kwa mkubwa fulani ndipo aruhusiwe kuwa yeye? Mwishoni pale anapojiita Skywalker, nakiri, nililainika. Vyeti vyangu vina jina la babu mzaa mama.

Fundi Mabatini

Finn. Muvi mbili kijana yule anatoroka. Pale Crait hatimaye ameacha kutoroka, anaelekea kwenye mdomo wa ule mzinga wa adui, na Rose anakuja kumgonga ubavuni! Alishaamua. Mwacheni. Hata John Boyega mwaka 2020 alilalamika wazi kuhusu wahusika weusi kutangazwa kwa kishindo halafu kusukumwa pembeni, na mimi pale ndipo nilipoiona hiyo pembeni.

Mke wangu hakubali. Anasema Rose ameshampoteza dada yake Paige kwenye ndege ya mabomu mwanzoni kabisa, na aliyezika dada hawezi kukaa kuangalia mwingine akifa kishujaa mbele yake. Mke wangu naye amezika dada. Kwa hiyo nikifika hapo huwa nasema hoja yangu mara moja tu.

Mpwa wa Igombe

Nimesoma yote. Nahodha, hoja ya Han imeniingia na sina jibu lake. Kosa la usiku ule ni moja, kuzima simu ni kosa la pili, na la pili ndilo lililochukua miaka.

Niwaambie kilichotokea mara ya pili nilipomfuata mjomba. Nilikwenda na kompyuta. Tulikaa nje jioni, nikawa namtafsiria kwa Kisukuma. Pale upanga ulipotupwa hakusema kitu. Pale kibandani, Ben alipofumbua macho, akaniambia simamisha. Akaenda ndani, akakaa muda mrefu. Aliporudi tukaendelea mpaka Crait, pale Luke anapotokea mbele ya mpwa wake na kumwambia alimkosea, anaomba radhi, na mpwa hapokei.

Ilipoisha akaniuliza jambo moja: "Huyo mtoto alirudi?"

Nikamwambia ipo nyingine, ya 2019, ninayo.

Akauliza betri imebaki kiasi gani.