Wagombea udiwani wameamka na mazingira, miti elfu kumi, gereji za mtoni na taka za bure. Mnampa nani?

Mwanzisha mada
Wadau wa Arusha habarini. Wiki hii nimesikiliza mikutano mitatu ya kampeni za udiwani kata yetu, sio kwamba naipenda sana siasa, ni kwamba kiwanja kiko mbele ya duka langu na maspika yao yote yananiangalia mimi. Ajabu safari hii wote watatu wameongelea mazingira. Wa kwanza atapanda miti elfu kumi. Wa pili atawaondoa mafundi gereji na waosha magari kando ya Mto Naura. Wa tatu ndo kapigiwa vigelegele mpaka basi, anasema akiingia taka zitabebwa bure, hakuna mama atakayetoa hata mia.

Naanza na huyu wa bure maana ndo anaelekea kushinda. Kwetu kuna kizimba cha taka karibu na kalavati. Tunalipa elfu mbili kwa mwezi kila kaya, gari la mzabuni lilitakiwa lije Jumanne na Ijumaa, mwezi uliopita limekuja mara mbili tu, risiti hakuna, unaandikwa kwenye daftari basi. Viroba vinarundikana, usiku mbwa wanachana, asubuhi maganda ya ndizi na pampasi ziko barabarani, mvua ikinyesha vyote vinaingia kalavati na kalavati inamwaga Naura. Juzi nimesimama darajani nikaona pampasi imenasa kwenye matete imevimba kama mto wa kulalia, na hatua chache chini yake mtoto anachota maji na kidumu cha lita tano. Sasa kama kwa hela gari haliji, kwa bure litakuja na nini? Dizeli ananunua nani? Atuambie fungu gani la bajeti linakatwa, la madawati au la zahanati, sio kutupigia muziki tu.

Wa miti nae namuheshimu ila elfu kumi unaipanda wapi kwenye mitaa iliyobanana mpaka mgonjwa anatolewa na mkokoteni? Tumeshapandiwa sana jamani, mheshimiwa anashika koleo, anapigwa picha, mche unabaki na mbuzi. Huyu wa gereji angalau ana sheria mkononi, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, mi naona ndo afadhali.

Hoja yangu ni kwamba diwani hana gari la taka wala mgambo wake, ana kiti kwenye baraza, anapitisha bajeti na sheria ndogo, akiangukia Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ndo kabisa. Tumbane hapo. Mkataba wa mzabuni ubandikwe ofisi ya kata tuusome, siku za gari ziandikwe, gari lisipokuja mzabuni akatwe hela. Sijasikia hata mmoja akisema hivo. Karibuni mnipinge.

Fundi wa mtoni
Kaka nakupinga hapo ulipopita mbio mbio kwenye gereji. Mimi niko pale mwaka wa tisa na vijana wanne, wote wanakula hapo. Oili chafu hatumwagi mtoni kama mnavyosemaga, oili chafu ni mali, wenye mbao wanakuja na madumu yao wananunua ya kupaka mchwa wasile. Kinachokwenda mtoni ni maji ya kuoshea spea, petroli kidogo na sabuni, hapo sibishi. Ila hiyo mita 60 mkianza kupima msianzie kwenye banda langu la mabati, anzieni kwenye nyumba zenye geti zilizojengwa mpaka kingo za mto na choo kinaelekea huko huko. Huyo mgombea hajazitaja hata moja, na sisi tunajua kwa nini. Tupewe eneo tutahama, tena kwa furaha, maana masika nako banda linaingiliwa na maji.

Mama wa Muriet
Nyie mnagombana juu ya kizimba, mimi nakaa Muriet ambako dampo la jiji lipo. Zikishaondoka kwenu mnaona zimeisha, kumbe zimekuja kwetu. Na za mtoni hivyo hivyo, Naura inaingia Mto Themi, Themi inashuka mpaka Mto Kikuletwa, njiani watu wanamwagilia mchicha na figiri, afu mnakuja kununua fungu soko la Kilombero mnaosha na maji ya bomba mnaona mmemaliza. Korongo zikiziba ni sisi wa chini tunaolia. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya mvua huku kwetu, watoto wakafa, sisemi ni taka zilizofanya, mvua ilikuwa kubwa mno, ila toka siku hiyo mtu akija kuniomba kura namuuliza mitaro na madaraja kwanza, miti baadae.

Dogo wa Unga Ltd
Bro mzabuni mzabuni, kwani lazima awe mzabuni mmoja mkubwa? Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Vijana kumi tukipewa guta mbili tunapita hadi vichochoro ambavyo lori haliingii, chupa za plastiki tunauza, maganda wanachukua wafuga nguruwe. Hapo kinachobaki cha kwenda dampo ni kidogo. Mgombea wa kusema hivi ndo namuimbia. Na nyie wa usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi mnatufungisha maduka mpaka saa 4 tufagie, tukishafagia marundo yanakaa wiki.

Mwanzisha mada
Fundi nimekusoma, hapo kwenye mageti umenikamata, nilimsifia yule bwana bila kumuuliza anaanza na nani. Mama, shikamoo, ya mboga sikuwa nimeiwaza kabisa na mchicha wa jana ulitoka huko huko Kilombero. Dogo wazo lako zuri ila nalo lina shimo, vikundi vya mkopo nimeviona, mwaka wa kwanza guta jipya, wa pili tairi hakuna, wa tatu mwenyekiti kanunua bodaboda. Labda mkopo uende pamoja na mkataba wa mtaa, kikundi kilipwe ile elfu mbili yetu moja kwa moja kwa risiti.

Kesho saa 10 jioni wa taka za bure anarudi kiwanjani. Nimeongea na balozi, tukipewa nafasi ya maswali mimi nauliza la dizeli, fundi kama upo njoo na la mageti. Akikwepa nitaleta mrejesho hapa hapa, akijibu vizuri pia nitaleta, sina kadi ya mtu.