Okestra tupu bila mwimbaji, mbona inanishika hivi?

Mwana wa Kibirizi
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga, swali hili ninalo wiki ya pili sasa. Tulikua tunapanga vitu vya marehemu mzee, alikua mtu wa reli, kwenye sanduku la bati tukakuta santuri 12, nusu ni bendi zetu za zamani, Tabora Jazz wamo, zilizobaki ni okestra za Ulaya, violini tupu hakuna anayeimba. Jirani ana gramafoni nzima tukaweka ya okestra ya Mantovani. Aisee. Mimi ni mtu wa rumba na bongo fleva lakini zile violini zilivyoingia ni kama maji yanateremka kwenye ngazi, sauti moja haijaisha nyingine imeshaipokea, nimekaa pale na kikombe mkononi mpaka chai imepoa. Nyumbani wanasema huo ni muziki wa hotelini. Mimi naona kuna kitu humo, wanaojua nieleweshe ni nini.

Fundi Kwaya Ng'ambo
Mkuu umesikia sawasawa, hayo maji yapo kweli na yana mwenyewe. Mantovani alizaliwa Venice 1905 akakulia Uingereza, ila aliyeipanga hiyo sauti ni Ronald Binge, wakatoka nayo 1951 kwenye Charmaine, waltz iliyokuwepo tangu miaka ya 20. Badala ya violini zote kupiga melodi pamoja akazigawa makundi, la kwanza linapiga noti yake na kuing'ang'ania, la pili linachukua noti inayofuata huku la kwanza bado limeshika, la tatu hivyo hivyo, mwisho unasikia mwangwi kama wa kanisa kubwa lenye dari ya juu na hakuna mashine inayoufanya, ni mikono ya watu.

Mimi nafundisha kwaya hapa Tabora, mwaka jana nikajaribu kwa soprano, nikawagawa makundi 3 kwenye neno "amina" tu. Mara ya kwanza vurugu, kila mtu anaachia mapema maana akisikia mwenzie kahama na yeye anataka kuhama. Nikawaambia shika yako mpaka nikutazame. Walipoipata, mama mmoja benchi la mbele akageuka kuangalia mlangoni, alidhani kuna kwaya nyingine imeingia. Muziki mwepesi ni kwa anayesikiliza, anayepiga anatoka jasho.

Isevya Mjini
Kwa heshima zote mimi unanipita. Tabora Jazz ukisikiliza unapata na la kumwambia mtu, huu umetengenezwa usimsumbue mtu. Hata BBC kuanzia 1940, vita imepamba moto, walikua na kipindi cha kuwapigia wafanyakazi viwandani ili kazi iende. Muziki wa kusindikizia tu.

Bibi wa Ujiji
Mwanangu wa Isevya, kusindikiza kazi kuna ubaya gani? Sisi tumetwanga kwa nyimbo, na wavuvi wanavuta nyavu kwa nyimbo, hakuna aliyesema si muziki. Na fidla bila mwimbaji si jambo geni kwetu, waulize watu wa taarabu. Ikhwani Safaa ya Unguja ni ya 1905, mwaka uleule aliozaliwa huyo Mantovani, na wakipiga bashrafu ni vyombo vitupu, watu wametulia wanasikiliza na hakuna anayeuliza mwimbaji yuko wapi.

Halafu nikwambie kitu. Mimi nilikua karani wa taipu miaka mingi. Mjukuu wangu akaniwekea kipande cha Leroy Anderson wa Marekani, cha 1950, taipureta yenyewe ndio chombo, okestra nzima inaifuata. Ilipolia ile kengele ya mwisho wa mstari mkono wangu wa kushoto ulinyanyuka wenyewe kusukuma wenzo, miaka yote hiyo nimestaafu! Nikalia. Maneno yangenipeleka kwenye habari ya mtu mwingine, ule ulinirudisha kwenye meza yangu mimi.

Isevya Mjini
Bibi shikamoo. Hapo nimekuelewa, nitaisikiliza kwa utulivu.

Fundi Kwaya Ng'ambo
Mwana wa Kibirizi, wewe uko ziwani, tafuta Sailing By, ni ya Binge huyohuyo, 1963. BBC Radio 4 waliiweka usiku kabla ya taarifa ya hali ya hewa baharini, baharia anazungusha redio gizani, akiisikia anajua ameshaipata stesheni.

Mwana wa Kibirizi
Bibi marahaba zako ziwafikie wote huko, mimi nasema shikamoo. Fundi asante, nimeipata na jana nikashuka nayo Kibirizi kwenye simu, mwezi haupo kwahiyo taa za wavuvi wa dagaa zimejaa ziwani. Baba mdogo ni mvuvi, alikua anashona wavu, sikumwambia ni ya nini nikaiweka tu. Alisimamisha sindano. Ilivyoisha akasema irudishe. Ndio nikamweleza habari ya mabaharia na redio, akaniambia hata usingesema, hii ni ya mtu aliye majini usiku.

Sasa gramafoni ya jirani imeanza kukwaruza, nadhani ni sindano imeisha. Aliyeko Kigoma au Tabora anayejua pa kuipata aniandikie inbox tafadhali, bado santuri 3 hatujazigusa.