MJADALA: Ajira za wahadhiri vyuo vya umma, tutenge nafasi au GPA (wastani wa alama za chuo) iamue?

Mdau wa Ng'ong'ona: Wakuu, salaam. Kila nafasi za uhadhiri zikitangazwa hapa Dodoma, swali linarudi: wanawake na watu wenye ulemavu watengewe nafasi? Nasema watengewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Kitekelezwe kilichoandikwa, basi.

Bi Chimwaga: Mkuu, hiyo asilimia 3 ni ya watumishi wote. Chuo kinaweza kuijaza masjala na mapokezi, darasani asionekane hata mmoja. Kikwazo kiko mlangoni. Mkufunzi Msaidizi, yaani ngazi ya kuanzia, anadaiwa GPA ya 3.8 shahada ya kwanza. Mhadhiri Msaidizi anadaiwa 4.0 ya umahiri (shahada ya pili), na ile 3.8 bado inamfuata. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, kwa hiyo mwenye 3.7 ana shahada nzuri lakini anachujwa kabla ya usaili, hata umahiri wake ukiwa 4.6. Sasa mfikirie kiziwi aliyesoma miaka mitatu bila mkalimani wa lugha ya alama, au binti aliyejifungua katikati ya semista akafanya mitihani hivyo hivyo. Tenga viti 10 ukitaka, waombaji wenye sifa utawatoa wapi?

Kikuyu Kusini: Dada, 3.8 ndiyo inayomzuia mtoto wa mkubwa. Ukiruhusu kila ndaki (kitengo cha masomo chuoni) ijipangie kigezo, kujuana kutatamalaki. Na wapo wanaodai wenyeji wa Dodoma wapewe kipaumbele; hao waisome Katiba: Ibara ya 13(4) na (5) inakataza kubagua mtu kwa kabila au pahala alipotokea.

Bi Chimwaga: Ibara hiyo hiyo, ndugu yangu, inaiachia Serikali ichukue hatua za makusudi kurekebisha matatizo katika jamii. Sijasema 3.8 ifutwe. Ibaki, ila iwepo njia ya pili: umahiri wa 4.0, chapisho moja kwenye jarida linalopitiwa na wataalamu, na mhadhara wa majaribio wa dakika 20. Kila msaili ajaze alama zake na kusaini kabla hawajaanza kujadiliana. Mwandamizi akitangulia kusema, wengine hufuata upepo.

Mjumbe wa Jopo: Naongeza jambo linaloharibika kila mara. Fomu ya maombi inauliza ulemavu, lakini haiulizi mahitaji. Mtu anafika kwenye usaili wa mchujo, karatasi haina nukta nundu wala maandishi makubwa, chumba kiko ghorofani, na mkalimani katafutwa jana yake na hajui msamiati wa fizikia. Anafeli, halafu tunaandika "hakufikia kiwango". Fomu iulize, na mkalimani apewe mada mapema.

Kikuyu Kusini: Njia ya pili naikubali kwa sharti moja. Kwa kila nafasi ibandikwe idadi ya walioomba, walioitwa na walioajiriwa, kwa jinsia na ulemavu. Bila hiyo, siungi mkono.

Mdau wa Ng'ong'ona: Kubandika namba hakumpi mtu ajira, mkuu. Chuo kikikaa miaka mitatu na sifuri ileile ubaoni, nani atawajibishwa? Hapo ndipo ninapong'ang'ania nafasi za lazima.